Kabla hujafungua duka, uliza wateja wako wanalipwa na nani

Mtu akiniambia anataka kufungua duka huku kwetu Tandahimba, simuulizi ana mtaji kiasi gani. Namuuliza kama anajua watu wa mtaa anaoutaka wanalipwa na nani, na lini. Wengi wanaishia kwenye kodi ya fremu na bei ya jumla. Hela ya mtaa mzima ikitoka mahali pamoja, wewe, muuza chipsi na fundi cherehani mnakula sahani moja, hata kama hamjuani.

Sahani yetu ni korosho. Tangu 2007, mkoa wetu wa Mtwara unauza kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi cha ushirika, unakwenda ghalani, unapigwa mnada, mnunuzi analipa, makato yanakatwa, kinachobaki kinaingia kwenye akaunti. Minada huanza Oktoba. Kati ya siku gunia linapopimwa na siku ujumbe wa benki unapoingia kwenye simu, huyo mkulima anakula kwa daftari langu la madeni.

Hela ya mnada ni nene lakini haikai. Inageuka bati, pikipiki, godoro, televisheni, na vyote hivyo vinatoka nje ya wilaya. Ukiuza bati kumi, faida yako ndiyo inayobaki hapa, nyingine unairudisha kwa wa jumla Dar es Salaam. Anayeishika hapahapa ni fundi anayepaua na vijana wanaombebea mbao. Wao wakilipwa, jioni wako dukani.

Ndiyo maana mimi naheshimu zaidi hela ndogo ya katikati ya mwaka, wakati wa palizi na kupulizia mikorosho dawa ya salfa. Mkulima anatoa, kibarua anapokea, na kabla giza halijaingia kibarua amepita kwangu: unga kilo moja, mafuta ya kupima, kipande cha sabuni, vocha. Hela hiyohiyo wiki moja inaweza kupita mikononi mwa watu wengi kuliko noti za msimu zinazopanda basi. Ongeza walimu na manesi, ambao mshahara wao haujali mvua wala mnada. Duka lisilo na wateja wa aina hizi mbili litang'ara Novemba na kufungwa Aprili. Nimeyaona mengi.

Somo kubwa tulilipata msimu wa 2018. Wakulima walikataa bei za mnadani, na Novemba serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilikuwa nzuri, ila uhakiki wa wakulima ulichukua muda na wengi walisubiri malipo kwa miezi. Korosho zilikuwepo, watu walikuwepo, bidhaa zilikuwa rafuni. Kilichokosekana ni hela ya kuanzia mzunguko. Kwanza soda zikasimama. Halafu vitenge, na fundi cherehani naye akakaa. Kisha mteja wa sukari kilo akaanza kuomba robo. Ukiona watu wanahama kutoka kilo kwenda robo, usiagize mzigo mkubwa, hata kama wa jumla anakupigia simu kila siku.

Wakati huo jirani yangu alimwondoa kijana wake wa dukani kuokoa mshahara. Mimi nilipiga hesabu nyingine. Kijana wangu alikuwa anakula kwa mama ntilie wa pembeni, na mama huyo ananunua kwangu mafuta, mchele na mkaa. Wenye maduka wote tukiwaondoa vijana, mama ntilie anapoteza walaji na sisi tunampoteza yeye. Tukakubaliana kijana afanye nusu siku, nami nimlipe kila Jumamosi bila kuruka. Sisemi nilimfanyia hisani. Mshahara unaocheleweshwa ni mauzo yanayocheleweshwa dukani kwa mtu mwingine, na mara nyingi huyo mtu ndiye mteja wako.

Linaloniuma ni kwamba korosho yetu nyingi inapanda meli ikiwa ghafi, kwenda India na Vietnam. Ajira ya kubangua inaondoka nayo. Kina mama wachache wanaobangua hapa wakilipwa, utawajua sokoni siku hiyohiyo. Ukipata fremu karibu na sehemu inayolipa watu kila wiki, ichukue, hata kama barabara ni ya vumbi.

Kuhusu kukopesha, usiandike jina na kiasi peke yake. Mimi pembeni ya kila jina naandika hela yake inatoka wapi. Mwalimu: mwisho wa mwezi. Mkulima: jina la chama chake cha msingi, ili nikisikia mzigo wao umeuzwa nijue wa kumpigia. Bodaboda simkopeshi kabisa. Yeye anashika hela kila siku, akikuambia hana, ana duka lingine.