Mahindi yenye ukungu kwenye stoo ya msikiti

Swali: Assalaam alaikum sheikh. Nasimamia stoo ya chakula ya msikiti wetu hapa Eastleigh. Mfadhili wetu mkubwa, mzee anayelipia hata kodi ya stoo, ametuletea magunia ya mahindi yaliyoota ukungu. Anasema tuyaanike, tuyasage, tugawe, kwani sadaka haikataliwi na mwenye njaa hachagui. Nifanyeje?

Jibu: Wa alaikumus salaam. Dada yangu, usigawe hata kibaba kimoja.

Hilo la mwenye njaa hachagui lilishajibiwa Madina. Al-Baraa bin Azib amesimulia, katika kitabu cha hadithi cha Tirmidhi, kwamba Ansari, Waislamu wenyeji wa Madina, walitundika vishada vya tende msikitini ili watu wa Suffa, yaani maskini waliokaa msikitini, wale. Wengine wakatundika mbovu. Ikateremka aya ya 267 ya Suratul Baqara: msikusudie kutoa kibaya ambacho nyinyi wenyewe msingekipokea ila kwa kukifumbia macho. Na zile zilikuwa tende mbovu tu. Mahindi ya ukungu huweza kuwa na sumukuvu, ndiyo aflatoksini. Mwaka 2004 kule Ukambani, Makueni na Kitui hasa, waliugua watu 317 na 125 kati yao wakafa. Jua hukausha ukungu, sumu inabaki. Kupika hakuimalizi, na kinu huchanganya punje mbovu na nzima usijue ipi ni ipi. Hata ng'ombe wa maziwa asipewe, maana sumu hiyo hupita kwenye maziwa. Mtume (s.a.w.) amesema hakuna kudhuru wala kudhuriana, nia njema ya mtoaji haiondoi hilo. Yateketezwe.

Najua unaogopa kodi. Muone mzee faraghani, pamoja na imamu, bila kumwaibisha. Huenda naye aliuziwa hivyo. Mwambie kinachohitajika: mchele, mafuta ya chupa ndogo, ndengu na kamande. Maharagwe makavu hula makaa saa mbili au tatu, na anayekuja kuomba unga mara nyingi hana ya makaa. Pesa ni bora zaidi, mkanunue kwa jumla kinachopungua, ila akaunti iwe na watia sahihi wawili.

Mahindi yapimwe kabla ya kupokelewa. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Bila kipimo, tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, utikise: chumvi ikiganda kwenye kioo, yarudisheni. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta, na chenye tarehe ya karibu kitoke kwanza.

Familia zilizokuwa zikingoja mahindi hayo wiki hii zipewe mchele, hata kama ni kilo moja moja.