Kidole kimepita, ubongo umeshaona

Kwenye kundi letu la WhatsApp wanatuma picha za ajali za barabara ya Singida. Nazipita haraka lakini zinanikaa kichwani. Kwa nini? (Bodaboda, Nkuhungu)

Pole, ndugu yangu. Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo mno. Kwenye ngozi ya kichwa hupimwa kwa mikrovolti, yaani sehemu za milioni za volti moja. Watafiti humvika mtu kofia yenye elektrodi, yaani vipande vidogo vya kunasa umeme huo, na kumwonyesha picha mchanganyiko: kiti, bakuli, kichanga anayecheka, mtu aliyejeruhiwa. Picha yenye hisia hubadilisha mawimbi ya umeme huo kabla hata ya theluthi ya sekunde kwisha. Kuanzia milisekunde 400 hivi (sekunde 0.4) huinuka wimbi liitwalo LPP (kifupi cha Kiingereza, late positive potential), usawa wa utosi kuelekea kisogoni, na linaweza kuendelea hata picha ikishaondolewa.

Anayesema "mimi nimeshazoea" asijiamini sana: picha ileile ikirudiwa mara nyingi, wimbi hilo bado huinuka. Zima upakuaji wa picha kwenye simu yako, kisha mwambie admini azikataze. Majeruhi yule ana mama, na huenda mama naye yumo kwenye kundi.

Na picha za kufurahisha? Je, mashine inaweza kujua ninayempenda? (Mwanafunzi, UDOM)

Za kufurahisha nazo huliinua wimbi hilohilo. Ndiyo maana, kwa kulitazama lenyewe tu, huwezi kusema mtu alifurahi au aliogopa. Isitoshe, kupepesa jicho au kukaza taya huchafua kipimo, hivyo watafiti huchukua wastani wa picha nyingi. Siri yako iko salama.

Mwanangu ana degedege la mara kwa mara, daktari ameagiza EEG, kipimo cha umeme wa ubongo. Majirani wanasema atapigwa shoti. (Mama, Kongwa)

Hapana, mama. Usiache kumpeleka kwa maneno hayo. Mashine haiingizi umeme kichwani. Inapokea tu ule ambao ubongo wenyewe unautoa. Hans Berger, daktari Mjerumani aliyerekodi umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, alimpima hata mwanawe Klaus.

Mfumue nywele, mwoshe kichwa vizuri, usimpake mafuta. Watambandika elektrodi kwa dawa kama jeli. Wanaweza kumwambia apumue kwa nguvu, na kumwashia taa ya kumetameta. Uliza mapema kama anatakiwa alale kidogo usiku uliotangulia, maana usingizi husaidia kuonyesha mawimbi ya kifafa. Dawa zake aendelee nazo mpaka daktari aseme vingine.

Majibu yakitoka safi, usihitimishe kwamba hana kifafa. Kipimo huona kilichotokea wakati ule tu. Mweleze daktari kila ulichokiona degedege lilipomshika: lilianzia mkono gani, macho yalielekea wapi, lilidumu muda gani. Ukiweza kulirekodi kwa simu bila kumwacha mtoto, mwonyeshe video hiyo.