Betri kubwa na kebo ya baharini

SWALI: Assalaam aleikum, Mzee. Nauza samaki na barafu Malindi, Unguja. Giza lile la Desemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa bara ulipokatika, lilinimalizia mtaji. Sasa kijana wangu anasema betri zimeshuka bei: shirika la umeme linunue moja kubwa, lijaze usiku, lituuzie jioni. Hesabu hiyo inalipa?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Pole sana. Miezi ile naikumbuka kwa ngurumo za majenereta Darajani.

Bei za betri kweli zimeshuka, ila kijana wako faida anaitafuta pasipo. Ukiingiza uniti 100 kwenye betri, zinatoka kama 85. Zilizobaki zimepotea njiani. Kununua usiku na kuuza jioni kunalipa pale tu bei ya jumla ya usiku inapokuwa chini sana. Bei zikikaribiana, ni hasara tupu.

Fedha iko kwenye kebo. Kule Marekani kuna kisiwa, Nantucket, kinacholishwa na kebo mbili za baharini. Wageni wa majira ya joto wakazidi, ikaonekana itahitajika ya tatu. Mwaka 2019 msambazaji wao, National Grid, akafunga betri ya megawati 6 yenye akiba ya megawati-saa 48, pamoja na jenereta, na kebo ya tatu ikasogezwa mbele kwa miaka mingi. Tuseme kebo ni shilingi bilioni 100, kwa mkopo wa riba ya asilimia 8. Kila mwaka unaoiahirisha, umeokoa riba ya bilioni 8. Betri ikikugharimu chini ya hapo kwa mwaka, pamoja na kuchakaa kwake, nunua hata leo.

Lakini matumizi lazima yapande kwa saa chache tu, magharibi watu wanapowasha taa na feni, kisha yashuke usiku wa manane. Sisi kebo yetu ya 2013, ya Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, ni ya megawati 100. Viyoyozi vya mahoteli vikiivuta usiku kucha, betri itajazwa saa ngapi? Mimi ningeanza kwa kudai grafu ya mzigo, yaani umeme unaotumika saa kwa saa, ya saa 24, kituo kimoja kimoja cha kupozea umeme, ya msimu wa wageni na ya masika.

Ama samaki wako, betri ya Nantucket ikitoa nguvu zake zote inakwisha kwa muda wa saa nane. Kwa giza la miezi mitatu inatakiwa njia ya pili ya umeme, au mitambo humu humu kisiwani. Jenereta yako usiiuze.