Kitabu cha vita kisome ukiwa mbele ya ukuta

Ukishika kitabu cha historia ya vita dukani, usihangaike na jalada wala sifa zilizochapwa nyuma yake. Fungua kurasa za michoro. Tafuta ramani ya mji, mchoro wa ngome unaoonyesha kuta na vyumba, kipimo cha mita na mshale wa kaskazini. Kitabu kinachojaza kurasa mia nne za mizinga na majemadari bila ya mchoro hata mmoja wa jengo lililopigwa, mimi hukirudisha kwenye rafu. Mwandishi wa namna hiyo atakwambia nani alishinda, lakini hatakuonyesha vita vilipiganwa wapi, wala kwa nini upande mmoja ulikuwa na pa kujificha na mwingine haukuwa napo.

Hapa kwetu Zanzibar shauri hili lina uzito zaidi. Maduka huweka vita rafu hii, sanaa rafu ile, na majengo kwenye meza ya vitabu vikubwa vya picha vinavyonunuliwa na wageni. Msomaji naye huzoea kuchagua rafu moja akaishia hapo hapo. Nimesoma vitabu hivi kwa miaka mingi, na kila ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kuvitenga ni kujinyima. Ngome ni jengo na ni silaha. Mzinga ni silaha na ni kazi ya sanaa.

Chukua ile mizinga miwili ya shaba ambayo watu wengi wa mjini wameizoea mbele ya Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, wakapiga nayo picha za sikukuu tangu utoto. Ina nembo ya Ureno, na juu yake yamechongwa maandishi ya Kiajemi. Mafundi wa Kireno waliimimina katika karne ya 16, Waajemi wakaiteka, na inahusishwa na kuanguka kwa Hormuz, ngome ya Wareno mlangoni mwa Ghuba ya Uajemi, mwaka 1622. Kisha ikafika Unguja. Kitabu cha vita kitakupa Hormuz, kitabu cha sanaa kitakupa nembo na khati. Safari nzima, kutoka tanuri la Ureno hadi Forodhani, utaiona pale tu utakapoviweka vitabu viwili mezani kwa wakati mmoja.

Vita vya 27 Agosti 1896 ndiyo mfano wangu mkubwa, kwa sababu vimeandikwa sana na vinasomwa vibaya. Kila mtu anavijua kama vita vifupi kuliko vyote duniani. Vitabu vingine vinasema dakika 38, vingine 40, vingine 45. Usipoteze jioni yako barazani ukibishania hilo. Tofauti inatokana na kila mwandishi kuamua mwenyewe vita vilianza na kwisha wakati gani. Habari yenyewe ni kwamba Sultani wa Zanzibar, Sayyid Hamad bin Thuwaini, alifariki tarehe 25 Agosti, Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ya ridhaa ya Waingereza, akapewa muda wa kuondoka, muda ukapita. Saa 3 na dakika 2 asubuhi manowari za Waingereza chini ya Admirali Rawson zikafungua mizinga. Meli ya Sultani, Glasgow, ikazama bandarini. Upande wa Khalid watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa manowari alijeruhiwa baharia mmoja.

Hapo msomaji makini lazima aulize: mia tano kwa mmoja, imekuwaje? Ubora wa mizinga ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine imo kwenye kitabu cha majengo. Kasri zile zilijengwa ufukweni kwa ajili ya upepo, heshima na kutizama bandari. Zilikuwa na mbao nyingi, madirisha mapana, roshani, na madaraja ya juu yaliyounganisha nyumba moja na nyingine. Waliokuwamo walijikinga kwa makasha na marobota ya mpira. Nyumba iliyojengwa ili bahari iione na yenyewe iione bahari ilikuwa shabaha tupu siku bahari ilipogeuka adui.

Basi nenda Forodhani na kitabu chako. Ipe bahari mgongo, anza kulia uende kushoto: Ngome Kongwe, kisha Beit al-Ajaib, kisha bustani, kisha kasri ambalo leo ni makumbusho. Ile bustani ndipo ilipokuwa Beit al-Hukm, ambayo haikujengwa tena baada ya kupigwa. Kasri la kushoto lilijengwa upya pahala pa Beit al-Sahel. Mnara wa saa nao una habari yake. Kabla ya vita mnara ulisimama peke yake mbele ya kasri. Ukaharibiwa, na mwaka 1897 Beit al-Ajaib ikaongezewa mnara kwenye uso wake. Ukiwa na picha ya zamani isiyo na tarehe, tizama mnara uko wapi. Ukiwa umeshikana na jengo, picha hiyo ni ya baada ya vita, hata maelezo chini yake yakisema ni ya enzi za Sayyid Barghash, aliyetawala kabla ya vita. Nimekuta maelezo ya namna hiyo katika kitabu cha bei kubwa kabisa.

Halafu kuna suala la nani alipigana na nani. Vitabu vingi huandika Waingereza upande huu, Wazanzibari upande ule. Lakini nchi kavu, chini ya Jenerali Lloyd Mathews, kulikuwa na askari Wazanzibari wapatao 900 waliosimama upande wa Waingereza. Karne mbili kabla ya hapo, Waomani walipokuwa wakiwafukuza Wareno kwenye pwani hii, Malkia Fatuma wa Unguja aliwaunga mkono Wareno, na akalipia kwa kupelekwa Omani. Historia yetu haikukatwa kwa kisu sehemu mbili. Kitabu kinachokupa pande mbili safi, nunua ukitaka, lakini tafuta na kingine cha kukisahihisha.

Vivyo hivyo, jiulize mwandishi alisimama wapi. Bibi Salme binti Said, mtoto wa Sultani Sayyid Said, aliyechapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, alishiriki mwenyewe katika njama za mwaka 1859, pale Barghash alipotaka kumpindua kaka yake Majid aliyekuwa Sultani. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika barua kwa niaba ya Barghash. Anaposimulia mapigano yale, anasimulia kama mtu aliyekuwamo na aliyeshindwa pamoja na wenzake. Hilo halikipunguzii kitabu chake thamani hata kidogo. Kwa vyumba, ngazi, mabirika na maisha ya kasri la Beit al-Mtoni sijui shahidi wa kumpita. Kwa hukumu juu ya Majid na Barghash, sikiliza na wengine.

Sasa majengo. Watu wengi wanaoanza huvikimbia vitabu vya majengo kwa sababu vinaonekana vya mafundi na wahandisi. Msikimbie. Kuna mambo machache ukiyashika, mji mzima unasomeka. Nyumba zetu za kale ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti hiyo haikupi chumba kipana zaidi ya karibu mita tatu. Ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, viwe vya tajiri au vya mtu wa kawaida. Beit al-Ajaib ya mwaka 1883 ilitumia nguzo na mihimili ya chuma, na ndiyo iliyoiwezesha kuwa na kumbi na roshani pana kiasi kile. Ukijua hili utaelewa kwa nini watu waliiita nyumba ya maajabu hata kabla ya kufika kwenye taa za umeme na lifti.

Na vitabu hivi vipelekeni kwa mafundi. Nilimwonyesha fundi mmoja wa chokaa, mzee wa Malindi, picha ya ukuta uliobaki wa nyumba iliyoanguka. Kitabu kilisema nyumba ilijengwa yote kwa wakati mmoja. Mzee hakuuliza maandishi yanasema nini. Akauweka ukurasa kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya safu ya matundu madogo yaliyozibwa, chini kidogo ya madirisha ya juu. “Hapa, mwanangu, palikuwa na mwisho wa nyumba. Boriti zimetolewa, matundu yamezibwa kwa chokaa nyengine. Ghorofa hii imepandishwa.” Nilipotizama tena nikaona hata mawe ya juu ni madogo kuliko ya chini. Maelezo ya aina hiyo huyapati kwa mtu aliyepita mjini na kamera kwa wiki moja.

Kwa wanaotaka kwenda mbali zaidi, kitabu cha Peter Garlake cha mwaka 1966 kuhusu majengo ya kale ya Kiislamu ya pwani hii bado kina faida kubwa kwa sababu ya michoro yake iliyopimwa. Chukua vipimo vyake. Lakini pale anapoeleza sanaa hiyo imetoka wapi, alielekea sana kutafuta asili yake ng'ambo ya bahari, na wachimbaji wa mambo ya kale waliomfuata wameonyesha kwa nguvu zaidi mkono wa wenyeji. Soma hoja zote mbili. Kwa jumla, kitabu kikuukuu cha vipimo usikitupe kwa sababu hoja zake zimechakaa. Sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoanguka tarehe 25 Disemba 2020, michoro na picha za zamani ndizo zilizobaki kutuonyesha ilivyokuwa.

Upande wa sanaa nitakuwa na ombi moja: anza Kizimkazi Dimbani. Msikiti ule una maandishi ya khati ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yanayotaja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Sehemu kubwa ya jengo ni ya karne ya 18, lakini maandishi ni ya kale. Jiwe la matumbawe likitolewa baharini huchongeka likiwa bado bichi, kisha hukauka na kuwa gumu. Ndiyo sababu nakshi nyembamba namna ile imeweza kukatwa na kudumu. Simama karibu na mihrabu utizame herufi zinavyoshuka na kupanda, ndipo urudi kwenye kitabu. Baada ya hapo nenda hamamu ya Kidichi, iliyojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya mke wa Sayyid Said aliyetoka Uajemi, uone mapambo ya plasta ya fundi wa mila nyengine kabisa. Ukizitizama mbili hizi kwa macho yako, kurasa za sanaa zinazosema tu “ya Kiarabu” hazitakutosha tena.

Milango nisiiseme sana, imesemwa mno. Ila kitabu kinapodai kwamba samaki aliyechongwa mlangoni maana yake hii na mnyororo maana yake ile, tizama kama mwandishi ametaja ushahidi wowote: barua, fundi, mwenye nyumba. Nyingi ya maana hizo zinapita kutoka kitabu hadi kitabu bila ya mtu kuuliza. Umbo la mlango lina uhakika zaidi. Kizingiti cha juu kilichonyooka ni cha mtindo wa zamani. Cha upinde kilishamiri mwishoni mwa karne ya 19, na milango ya kukunja yenye vibao vidogo ni ya mtindo wa Gujarati.

Vita Vikuu vya Kwanza vilifika hadi bandarini petu. Tarehe 20 Septemba 1914 meli ya Kijerumani Königsberg iliipiga Pegasus ya Waingereza ikiwa imetia nanga kwa matengenezo, na mabaharia 38 wakafa. Baadhi yao wamezikwa kisiwani Chapwani. Mwaka 1925 ikasimama Beit al-Amani yenye kuba, iliyochorwa na J. H. Sinclair, kuwa ukumbusho wa vita hivyo. Wanafunzi wa skuli hupita mbele yake kila siku.

Kitabu cha majengo ya Zanzibar kinachoishia Darajani, ukingoni mwa Mji Mkongwe, ni nusu kitabu. Majumba ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, ni historia pia, na yana mengi ya kueleza juu ya mwaka 1964 kuliko vijitabu vya hasira vya pande zote.

Pemba ndiyo inayoonewa zaidi katika vitabu hivi. Mara nyingi inapewa ukurasa mmoja. Kumbe Pujini kuna boma la karne ya 15 lililojengwa na watu wa pwani wenyewe, kabla Mreno hajafika, jambo ambalo ni nadra kwenye mwambao huu. Wazee wanalisimulia kwa jina la Mkama Ndume na ukatili wake, na kisima kilichotengwa kwa ukuta ili wake zake wasionane. Wachimbaji nao wamekuta huko chumba cha chini ya ardhi. Masimulizi na uchimbaji usiyagombanishe. Beba yote mawili, ukifika keti kwanza na mwenyeji akusimulie, kisha fungua mchoro mtembee nao kwenye ukuta wa boma. Ongeza Ras Mkumbuu kwa makaburi yake ya nguzo, na ngome ya Chake Chake ambayo sasa ni makumbusho.

Kuhusu kuvitunza: karatasi za kung'aa za vitabu vya sanaa hushikana zikipata unyevu, na kuta zetu za chokaa hutoa jasho msimu wa masika. Weka rafu mbali kidogo na ukuta, kagua mchwa, na kipupwe kikiingia vitoe vyote uvipepee kivulini. Usivianike juani, gundi ya mgongo hukatika. Usiogope kuandika pembeni kwa penseli. Ukipima chumba kwa hatua zako, ukisikia jina la mtaa ambalo kitabu hakina, liandike pale pale pamoja na tarehe. Na kabla hujatumia fedha nyingi, pitia Nyaraka za Taifa pale Kilimani uone kama wanacho.