Muulize Shangazi: Mama mkwe hali nyama, na mvua ndiyo hii

*Shangazi, shikamoo. Mama mkwe wangu anakuja kutoka Same, atakaa kwetu Temeke mwezi mzima. Ni Msabato, hali nyama wala samaki. Mimi mtoto wa Kilwa. Ukiniondolea samaki nabaki na maharage na mchicha, na mchicha wenyewe mvua hizi umepanda bei. Nimpikie nini? Halafu, mbona tui langu hukatika?*
— Mke wa Mpare, Temeke

Marahaba, mwanangu. Mtoto wa Kilwa na nazi mkononi unaogopa mboga?

Mchicha uache kwanza. Masika yakijaza mabonde, matuta yanazama, na kidogo kinachopona lazima kiuzwe ghali. Lakini mvua hiyohiyo inayanawirisha majani ya maboga, ya kunde na matembele. Nenda soko la Stereo asubuhi, chagua majani ya maboga machanga, ya nchani. Vunja kikonyo, vuta kuelekea kwenye jani: nyuzi zitatoka pamoja na ile ngozi yenye vinyweleo. Usipozitoa, mama wa watu atatafuna kamba. Katakata, chemsha kwa maji kidogo, kisha tia karanga zilizotwangwa na uache zitokote mpaka mchuzi uwe mzito.

Kisamvu nacho kipo mwaka mzima. Kitwange kilainike kabisa, ukichemshe sufuria wazi, kwa muda mrefu, kabla hujatia nazi wala kunde. Majani ya muhogo yana sumu. Mchi huifungua, moto huifukuza. Anayekupa kisamvu cha haraka hakutakii mema.

Sasa tui. Naona unalimimina lote kwa pamoja, unafunika na kuongeza moto. Kamua tui zito, liweke kando. Rudia chicha, yaani nazi iliyokwisha kukamuliwa, kwa maji ya uvuguvugu upate tui jepesi, na hilo ndilo la kupikia bamia, bilinganya au nyanya chungu mpaka ziive. Tui zito liingie mwisho, moto mdogo, bila mfuniko, mwiko usitulie. Likianza tu kuchemka, epua. Ndimu ikamuliwe sahanini, maana ukali wake nao hulikata tui. Tena ndimu juu ya majani husaidia mwili kupata madini ya chuma, ilhali chai ya rangi juu ya chakula huyapunguza. Wasabato wengi chai ya majani hawainywi, kwa hiyo hapo mama yako amekutangulia.

Jambo ambalo hukuniuliza ni Ijumaa. Sabato huanza jua likizama, na chakula cha Jumamosi kinatakiwa kiwe tayari kabla ya hapo. Kwa joto letu la Dar chakula cha nazi hakilali. Ukikipika Ijumaa bila friji, Jumamosi mchana kimechacha. Basi sufuria ya Ijumaa isiwe na nazi. Unga maharage kwa kitunguu, karoti na hoho za Lushoto. Au mwombe mama mwenyewe apike makande, wewe ukae karibu uangalie. Mpare hapikiwi makande na mtoto wa Kilwa wiki ya kwanza! Nazi irudi Jumapili.

Na vile vidonge vya mchuzi, soma pakiti kabla hujavitia, vingine vina nyama ndani. Nyama ya soya siwezi kukukataza, ila mimi mwenyewe siipiki. Mtu aliyeacha nyama kwa hiari yake, kwa nini umwekee sanamu yake sahanini?

*Shangazi, mbaazi mbichi nitaanza kuziona lini sokoni, na je, zinalowekwa?*
— Kijana wa getoni, Tabata

Subiri masika yapite. Katikati ya mwaka utaziona zimemwagwa kwenye magunia, wauzaji wanazimenya huku wanapiga soga. Nunua zilizo bado na maganda, yawe ya kijani na yamejaa. Hazilowekwi, hiyo ni kazi ya mbaazi kavu. Chemsha na chumvi na kitunguu mpaka punje ibonyee kati ya vidole viwili, kisha tui, kwa utaratibu niliompa huyo wa Temeke. Kama getoni hamna mbuzi ya kukunia, wauzaji wengi wa nazi sokoni watakukunia papo hapo. Kamua jioni hiyohiyo, usiilaze.