Uliza Fundi: Mpini wa wembe wa kukunja umepasuka

Swali: Shikamoo fundi. Babu aliniachia wembe wake wa kukunja, ule wa kinyozi wa zamani. Chuma bado kizuri, ila mpini mweusi una ufa unaoanzia kwenye pini ya juu, wembe umelegea unachezacheza, halafu nikiufunga makali yanagusa upande mmoja. Jamaa kaniambia nimwagie tu supa gluu yaishe. Nifanye hivyo?

Jibu: Marahaba. Supa gluu tutaitumia lakini sio kumwagia, na sio leo. Kwanza funga makali kwa mkanda wa umeme, raundi mbili tatu, maana hizi nyembe zinakata hata anayetengeneza mpini tu.

Halafu tujue mpini ni wa nini, kwa sababu kila kitu kinategemea hapo. Mweusi wa zamani mara nyingi ni pembe ya mnyama, raba ngumu au seluloidi (plastiki ya zamani). Mulika tochi nyuma ya ukingo mwembamba, ukiona mwanga unapenya kidogo na mistari mistari ndani yake, hiyo ni pembe. Ikiwa tochi haikusaidii, sugua kwa kidole gumba mpaka pahali papate joto kisha nusa hapohapo, harufu ya kafuri ni seluloidi, ya salfa ni raba, na raba ya zamani pia weusi wake unafifia unakuwa wa kahawia. Kuna watu watakwambia uchome na sindano ya moto unuse moshi. Usithubutu, seluloidi inashika moto kweli kweli.

Tuseme ni pembe, maana kupinda na kupasuka hivyo ndio tabia yake ikikauka. Usianze kuipaka mafuta! Ufa ukishakunywa mafuta gundi haishiki tena. Safisha ufa kwa asetoni kidogo kwenye pamba (kwenye pembe tu jamani, seluloidi inayeyuka), acha ikauke, dondoshea supa gluu nyepesi ile ya maji maji iingie yenyewe, bana, acha mpaka kesho.

Sasa kupinda, ndiko kunakofanya makali yaguse upande mmoja. Hapa lazima utoe pini na watu wengi ndio wanaharibu, wanachukua koleo wanavuta, mpini unapasuka vipande viwili. Pini ni waya wa shaba tu, kawaida milimita 1.6 hivi, umepondwa kichwa pande zote mbili juu ya washa ndogo (kipete cha chuma). Saga kichwa cha upande mmoja kwa tupa ndogo taratibu mpaka kiishe, kisha sukuma pini itokee upande wa pili kwa msumari uliokatwa ncha. Pini ya mkiani ikitoka utakuta kabari katikati ya vile vipande viwili vya mpini. Itunze, ndiyo inayovipa nafasi wembe uingie bila kugusa. Ikiwa ni ya madini ya risasi yenye unga mweupe vaa glovu na usiipige msasa mkavu, vumbi lake ni sumu.

Kile kipande kilichopinda kitie kwenye maji ya moto sana mpaka kilainike, kitoe, kibane katikati ya mbao mbili zilizonyooka na usikifungue mpaka kipoe kabisa kabisa. Ukiwa na haraka kitarudi kulekule. Baada ya hapo ndio msasa wa maji, namba 400 ukipanda mpaka 2000, na mwisho mafuta, mimi napenda ya kwato za ng'ombe, unaloweka siku kadhaa pembe inarudi uhai. Mikwaruzo midogo ningeiacha, ni ya babu hiyo.

Kurudisha: pini mpya ya shaba, washa, ikatwe ibaki imechomoza milimita moja tu kila upande, uiweke juu ya chuma kigumu uigonge na nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo. Gonga kidogo kidogo, geuza, gonga, fungua na kufunga wembe uone. Ikilegea unaongeza, ila ukiikaza kupita kiasi hakuna kurudi nyuma, ni kuisaga tena uanze upya.

Swali: Fundi mambo, wangu mpini una rangi ya asali unapitisha mwanga, mzuri sana, ila chuma kinapata kutu kila mara hata nikipaka mafuta, na kutu ipo pale tu wembe unapolala ndani ya mpini. Tatizo mafuta gani nitumie?

Jibu: Poa. Mafuta hayana kosa. Hiyo ni seluloidi imeanza kuoza, na ikioza inatoa hewa ya asidi ambayo inakula chuma. Dalili nyingine ni nyufa ndogo ndogo ndani yake na harufu kali ya kuchoma pua. Dawa hakuna, ukiipolishi itang'aa huku inaendelea kuoza. Toa pini kama nilivyoeleza hapo juu, tengeneza mpini mwingine wa pembe au mbao ngumu kwa kufuatisha umbo la ule wa zamani, chuma ukisafishe kutu leo leo. Na nyembe zako nyingine usiziweke boksi moja na huo, hewa hiyo haichagui.