Muulize Kocha: Kiungo wa Bujumbura na Coventry

Maswali ya wasomaji yanajibiwa na kocha wa vijana wa Kigoma, aliyecheza kiungo mkabaji kabla ya kuanza kufundisha.

Shikamoo Kocha. Nina miaka 19, nacheza namba sita, yaani kiungo mkabaji, hapa Kasulu. Wazazi wangu walitoka Burundi. Yanga walipomsajili Gaël Bigirimana mwaka 2022 nilifurahi sana, lakini alipoondoka vijana wa kijiweni walinicheka, wakasema lilikuwa jina tu. Naomba unieleze safari yake yote. Na yule tumwite Mrundi au Mwingereza?
*Msomaji, Kasulu*

Marahaba mwanangu. Swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu hapa Kigoma tunaishi na watoto wa aina yako kila siku. Uwanjani kwangu wapo wa Kiha, wa Kirundi, wa Kibembe kutoka ng'ambo ya ziwa, na wote wanaitana kwa majina ya utani. Nitakujibu kwa kirefu.

Bigirimana alizaliwa Bujumbura tarehe 22 Oktoba 1993. Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993. Yaani mtoto yule alifika duniani nchi yake ikiwa imeanza kuungua siku moja tu kabla. Wazazi wako watakumbuka miezi ile. Sisi wa Kigoma tuliona watu wanavuka mpaka na magodoro kichwani. Familia ya Bigirimana ilikimbilia Uganda, na mwaka 2004 ikafika Coventry, Uingereza, kuomba hifadhi.

Kisa cha kuingia kwake kwenye soka amekisimulia mwenyewe. Mama yake alimtuma dukani. Njiani akapita jirani na kituo cha vijana cha Coventry City, akawaendea makocha na Kiingereza chake cha kuungaunga, akaomba kufanya majaribio. Akaambiwa hapa mtu haingii hivyo, mpaka shule ikupendekeze au skauti akuone. Akaondoka mbio. Kocha akaziona zile mbio, akamwita arudi. Jinsi alivyokimbia ndivyo alivyokuja kucheza maisha yake yote. Hakuwa kiungo wa kupiga chenga watatu. Alikuwa wa kukaba, kunyang'anya na kufika kabla ya mwenzake. Wewe wa namba sita unajua kazi hiyo ilivyo na jasho jingi na makofi machache.

Msimu wa 2011/12 akapandishwa timu ya wakubwa ya Coventry, ikiwa daraja la pili la Uingereza. Timu ilishuka daraja, yeye akapanda: Julai 2012 Newcastle United ya Ligi Kuu ikamsajili akiwa na miaka 18. Hebu tazama aliowakuta katikati ya uwanja: Cheick Tioté wa Ivory Coast, Yohan Cabaye wa Ufaransa, na Vurnon Anita, Mholanzi mzaliwa wa Curaçao, aliyesajiliwa dirisha lilelile. Hata hivyo, Desemba 3 mwaka huohuo, dhidi ya Wigan, aliingia akitokea benchi, akaachia shuti la mbali likagonga mwamba na kuzama wavuni. Newcastle wakashinda 3-0. Mkimbizi wa Bujumbura, miaka 8 tangu atue nchi ile, anafunga goli St James' Park, uwanja wa Newcastle. Wanaokucheka kijiweni waulize ni wangapi wa ukanda wetu wa Maziwa Makuu wamewahi kufunga goli Ligi Kuu ya Uingereza.

Baada ya hapo nafasi ilimpungukia. Mapema 2015 alipelekwa Rangers ya Glasgow kwa mkopo, hakucheza hata mechi moja. Akarudi Coventry, kwanza kwa mkopo, kisha moja kwa moja, akaikuta timu ya nyumbani imeporomoka hadi daraja la tatu na inaelekea kushuka tena. Katika msimu mbaya wa 2016/17 wakafika fainali ya EFL Trophy, kombe la timu za madaraja ya chini, pale Wembley, tarehe 2 Aprili 2017, mbele ya watu zaidi ya 74,000. Waliwafunga Oxford United 2-1. Goli la kwanza lilikuwa la Bigirimana. Mimi katika safari yake yote siku hiyo naiweka juu kuliko ile ya Newcastle, maana aliwafungia watu waliompokea bila kitu mkononi.

Kutoka hapo ni Uskoti: Motherwell, ambao msimu wa 2017/18 walifika fainali mbili, ya Kombe la Ligi na ya Kombe la Uskoti, zote wakafungwa 2-0 na Celtic. Halafu Hibernian ya Edinburgh, kisha Solihull Moors, kisha Glentoran ya Belfast. Ndipo Yanga wakamleta.

Sasa kuhusu Yanga. Angalia kikosi alichokikuta Jangwani, makao ya Yanga, chini ya kocha Nasreddine Nabi: Khalid Aucho, Yannick Bangala, Feisal Salum, Sure Boy, Aziz Ki. Timu hiyohiyo ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023. Ongeza na kanuni ya ligi yetu kwamba klabu haisajili wageni zaidi ya 12. Mgeni asiyeanza mechi anakalia nafasi ya mwingine, na uvumilivu unaisha haraka. Hakudumu. Akarejea Ireland ya Kaskazini, akajiunga na Dungannon Swifts. Mchezaji aliyekosa namba mbele ya Aucho hajawa bure kwa sababu hiyo, na mtu akisema hivyo mbele yangu namkatalia.

Mrundi au Mwingereza? Alivaa jezi ya vijana wa England chini ya miaka 20, halafu akachagua Burundi, nchi aliyozaliwa. Burundi ikafuzu AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, kwa mara ya kwanza katika historia yake baada ya sare ya 1-1 na Gabon mjini Bujumbura, Machi 2019, na Bigirimana akawa kwenye kikosi kilichokwenda Misri. Walipoteza mechi zote tatu, kwa Nigeria, Madagascar na Guinea, bila goli hata moja. Lakini Intamba mu Rugamba, timu ya taifa ya Burundi, walifika. Mimi namwita Mrundi wa Coventry, na sioni kama pande hizo mbili zinagombana ndani yake. Wewe pia usimruhusu mtu akulazimishe kumkana mzazi wako ili uonekane Mtanzania kamili uwanjani.

Kocha, mimi ni mama kutoka Bukavu, tunaishi Leeds. Mwanangu ana miaka 15, ni kiungo, amezaliwa huku. Ameitwa kambi ya vijana wa England. Wajomba zake wanapiga simu usiku wakisema akivaa jezi ile ametusaliti na hataweza tena kuchezea Leopards, timu ya taifa ya Kongo. Ni kweli?
*Mama wa Bukavu*

Dada yangu, si kweli, na naomba uwasomee wajomba jibu hili kwenye simu.

Mechi za kirafiki hazimfungi mtu. Mechi za mashindano za vijana zinamfunga kwa muda tu: akitaka kuhamia Kongo, shirikisho la huko linapeleka maombi FIFA, na njia ni nyepesi zaidi ikiwa alipocheza mechi ile ya mashindano tayari alikuwa na uraia wa nchi anayoitaka. Hilo la uraia lishughulikieni mapema, kwa sababu Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kikongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Nendeni ubalozini, muulize mambo ya pasipoti kwa mdomo na kwa maandishi, na karatasi zote mzitunze.

Kwa timu ya wakubwa, kanuni ililegezwa Septemba 2020. Aliyecheza mechi za mashindano zisizozidi tatu, zote kabla hajatimiza miaka 21, anaweza kuhama ikiwa imepita miaka mitatu tangu mechi ya mwisho, na ikiwa hakucheza fainali za Kombe la Dunia wala za bara lake, kama AFCON au Euro. Kuhama ni mara moja tu.

Mifano ipo karibu nanyi. Saido Berahino, mzaliwa wa Bujumbura kama Bigirimana, alikuwa kwenye kikosi cha England kilichotwaa Euro ya vijana chini ya miaka 17 mwaka 2010. Novemba 2014 aliitwa timu ya wakubwa ya England, hakuingizwa uwanjani. Septemba 2018 akaichezea Burundi mechi yake ya kwanza huko Libreville na akafunga. Kwenu Kongo, Axel Tuanzebe alizaliwa Bunia, akapita timu za vijana za England, leo ni wa Leopards. Na kwa kuwa mwanao ni kiungo, mwonyeshe Noah Sadiki wa Sunderland: kazaliwa Brussels, kalelewa Anderlecht, kachezea vijana wa Ubelgiji, na sasa anaipigania Kongo katikati ya uwanja. Hakuna Mkongo anayemwita msaliti.

Ninachokuomba ni kimoja. Mtoto wa miaka 15 asichaguliwe nchi kwenye simu ya usiku. Aende kambi, ajifunze kwa makocha wale, alale vizuri. Neno msaliti kwa mtoto ni zito mno, na nimewahi kuona kijana mwenye kipaji akiacha mpira kwa kelele za watu wazima.

Ndugu Kocha, mwanangu kazaliwa London, ana pasipoti ya Uingereza. Serikali yetu imeanzisha hadhi maalumu kwa diaspora. Je, akiipata anaweza kuchezea Taifa Stars?
*Baba, London*

Hapana, ndugu yangu. Hadhi maalumu inampa nafuu za kuingia, kukaa na kumiliki mali, lakini si uraia, na FIFA wanataka uraia. Kuwa na mzazi au babu aliyezaliwa Tanzania kunamwezesha kustahili kimichezo, ila pasipoti ya Tanzania lazima iwepo. Sheria yetu ya uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Akifika miaka 18 anatakiwa achague. Wakenya wameruhusu tangu Katiba yao ya 2010, Waganda tangu 2009. Mimi natamani nasi turuhusu, na nasema hivyo wazi. Mwezi Januari 2025 wachezaji watatu wa kigeni wa Singida Black Stars walipewa uraia wetu na mjadala ukawa mkubwa nchi nzima. Wakati huohuo mtoto wa Mtanzania aliyezaliwa London anaambiwa atupe pasipoti moja. Hilo linaniuma. Kwa sasa wasiliana na Idara ya Uhamiaji na TFF, shirikisho letu la mpira, kabla mwanao hajafikisha miaka 18, usisubiri aitwe kwanza.

Kocha, mimi ni msichana wa darasa la saba, Ujiji. Nacheza katikati na wavulana. Nikipokea mpira nanyang'anywa kila mara. Nifanyeje?
*Mchezaji wa Ujiji*

Mwanangu, unatazama mpira tu unapokujia. Geuza shingo mara mbili kabla haujafika, uone nani yuko nyuma yako. Pokea kwa mguu ulio mbali na adui, mwili ukiwa umekaa upande, usimpe mgongo mzima. Fanya zoezi hili ukutani na mwenzako amesimama nyuma yako akiinua vidole. Utaje idadi kabla mpira haujakugusa. Vijana wangu tunakutana Jumamosi asubuhi Uwanja wa Lake Tanganyika. Njoo na mama au dada, na uje na maji ya kunywa.